Deni Kavimba

Ngoja nianze na jina, bila jina hamtaelewa. Mbwa wangu anaitwa Deni. Kuna jamaa niliyekuwa nafanya nae kazi nilimkopesha laki na nusu, akanizungusha miezi minane, mara mshahara umechelewa, mara shangazi kalazwa, mwishowe akaja nyumbani Goba na boksi la sabuni, ndani kuna kitoto cha mbwa, akasema kaka, baba yake huyu ni Jamani Shepadi kabisa, ukimuuza hupungukiwi kitu. Mama yake hakumtaja. Nikapokea hivohivo, na mke wangu akambatiza palepale mlangoni: Deni.

Sasa Jumamosi moja, Deni ana kama miezi minne, niko chooni napitia meseji za magrupu, nasikia mke wangu anapiga kelele uani, "Baba Neema! Njoo haraka, Deni kavimba!" Na jirani yetu wa ukutani, mzee mstaafu ambae redio yake haizimwi na masikio yake hayalali, akaitikia kutoka kwake, "Pole sana mama, hata langu la benki limevimba, ni riba hizo."

Nikatoka. Aisee. Mbwa niliyemwacha nusu saa iliyopita akiwa na sura ya mbwa sasa hivi ana sura ya kiboko. Mdomo wa juu unaning'inia, jicho moja limefunga, la pili limebaki mstari, mgongoni manyoya yamenyanyuka mabaka mabaka kama godoro la gesti ya bei rahisi. Na mwenyewe wala hana habari, anatingisha mkia, anajisugua pua na mguu wa mbele, ananiangalia kwa lile jicho la mstari kama vile mimi ndio nina shida.

Mi ni mtu wa maamuzi ya haraka, ni ugonjwa wangu wa siku nyingi. Nikasema hii sumu. Na sumu kila mtu anajua dawa yake maziwa, nikamtuma dada wa kazi dukani akaja na lita nzima, tukajipanga watatu kumshikilia, kumbe wala hakuna haja, Deni alidhani ni sikukuu, kainywa lita yote akalamba na sufuria. Halafu nikamkumbatia tukaingia kwenye bajaji. Dereva akanigeukia, "Bosi, huyo ni mnyama gani?" Nikamwambia mbwa. Akasema ya mnyama ongeza buku mbili. Tulipofika kwenye yale matuta ya pili, maziwa yote yakarudi kwenye siti ya nyuma, na buku mbili ikawa buku tano.

Kwa daktari wa mifugo swali la kwanza: ametapika? Nikasema ndio, tena sana. Daktari akabadilika sura, akamlaza Deni mezani fasta, akamfunua mdomo kuangalia fizi, akaweka kile kipimo chake kifuani, akasikiliza anavopumua, mimi hapo roho iko mkononi maana mtu mzima akinyamaza hivo ujue kuna jambo. Akasema kuvimba sura peke yake mara nyingi hakuui, ila ukiongeza kutapika, fizi nyeupe na kuhema kwa shida, hapo mbwa unaweza kumpoteza saa hiyohiyo. Halafu akaniuliza, "Alikula nini kabla ya kutapika?" Nikasema maziwa. Kiasi gani? Lita. Nani kampa? Nikaangalia ukutani, kulikuwa na bango zuri tu la ng'ombe.

Basi akamchoma sindano, akanielimisha kwa upole ambao sikustahili. Kwamba hii ni aleji. Kwamba aleji ya chakula kwa mbwa mara nyingi ni kero ya taratibu, wiki na wiki anajikuna masikio na miguu, ila sura inayoumuka ndani ya nusu saa, kama hajapewa dawa wala chanjo siku hiyo, mtafute mdudu kwanza, maana watoto wa mbwa kila kitu wanakikagua kwa pua. Akatafuta mwiba mdomoni hakuuona, akasema nyuki angeacha mwiba wake, lakini nyigu haachi, anauma na kurudia. Mi niliposikia neno chakula sikusikia lingine, kichwani tayari nilikuwa na mtuhumiwa: dagaa za mama mkwe.

Alituletea Alhamisi kutoka Mwanza, kiroba kizima, na Deni alikuwa anachanganyiwa kwenye ugali. Nikafungua daftari, nikaandika UCHUNGUZI, nikapiga mstari na rula. Dagaa marufuku. Sabuni mpya ya unga ya dada marufuku, nikamuhoji mpaka akanuna, akaniambia kaka, mimi naoshea nguo, sijawahi kumuosha mbwa uso. Dawa ya mbu marufuku, tukalala tunapigwa na mbu familia nzima kwa ajili ya mnyama wa laki na nusu. Na kwa vile mke wangu alikataa kufikisha ujumbe, nikampigia mama mkwe mwenyewe, nikazunguka weee, mvua zinaendeleaje huko mama, mwisho nikasema dagaa zinamvimbisha mbwa. Kimya. Halafu, "Baba Neema, mke wako nimemkuza kwa dagaa hizohizo. Amevimba?" Mke wangu amesimama pembeni, mikono kiunoni, ananiangalia. Kuna maswali mwanaume mwenye akili zake hajibu, nikasema mama mtandao unakatika.

Wiki nzima Deni salama, sura kama kioo. Nikatembea nyumba nzima kifua mbele, ijumaa usiku nikaandika kwenye daftari KESI IMEFUNGWA.

Jumamosi saa nne asubuhi, kiboko kimerudi.

Hapo sasa kala ugali na utumbo wa kuchemsha tu, bila dagaa, bila sabuni, bila chochote. Bajaji ileile, dereva safari hii kaja na turubai kabisa, na maziwa sikumpa. Daktari akamchoma tena, akaniambia bwana nenda katafute mdudu, usicheze na hii kitu maana inaweza ikarudi mara nyingine kali kuliko hii. Nikarudi nikakagua banda lake, nikapekua matambara, nikapanda mpaka kwenye mwembe, nyuki hakuna, nyigu hakuna, nimeambulia siafu kwenye soksi tu.

Aliyeifungua kesi ni Neema, miaka saba. Tunakula usiku, akauliza bila hata kuinua kichwa, "Baba, mbona Deni anavimba siku ukiwepo?"

Vijiko vikasimama. Jumatatu mpaka Ijumaa naondoka alfajiri narudi usiku. Jumapili tunashinda kanisani na kwa shemeji. Jumamosi ndio nipo. Mke wangu akaweka kijiko chini taratibu, "Kwa hiyo aleji yenyewe ni wewe." Dada alicheka mpaka akakaa chini, na ndani ya dakika tano habari ilikuwa Mwanza.

Nilikosa usingizi. Yaani mi ninafanya nini Jumamosi? Nikajipekua mwenyewe kama nilivowapekua wenzangu. Naamka, nakaa barazani na chai, namrushia Deni ndala ya zamani anaikimbilia, ananiletea, narusha tena. Basi. Ila uwanja wetu ni mwembamba kama korido, kwa hiyo ndala kila siku inaishia kwenye geti kubwa, ngaa! Lile geti halifunguliwi, sisi tunapita kimlango cha pembeni, geti kubwa ni la gari na gari lenyewe bado liko kwenye maombi.

Jumamosi ya tatu nikaandaa jaribio. Deni kafungwa barazani. Mke wangu mrusha ndala. Mimi ndio Deni. Nilipiga magoti na viganja chini kwa sababu nilishawahi kuliangalia lile geti nimesimama na sikuona kitu, nikasema lazima nione anachoona mbwa, kimo cha mbwa, pua ya mbwa. Mke wangu akarusha, kwa nguvu ambazo sikumuomba. Ngaa! Nikatambaa mbio mpaka kwenye ndala, na hapohapo mbele ya uso wangu, chini ya geti, nikaona mdomo wa skwea paipu ambao fundi hakuuziba, umekaa wazi, na ndani giza. Nikasogeza pua.

Nyigu wa kwanza alinipata mdomo wa juu, palepale alipompata Deni. Wa pili kope. Wa tatu sikio, na huyo nadhani alikuwa ananisindikiza, maana nilishageuka, na nakiri nilikimbia hatua nne tano kwa mikono na miguu kabla sijakumbuka kuwa mimi ni mtu naweza kusimama. Barazani Deni anabweka kwa furaha, tangu azaliwe hajawahi kuniona nacheza vizuri hivo.

Zahanati nikapigwa sindano na mimi. Dereva wa bajaji aliniangalia sana, akauliza, "Leo mbwa yuko wapi?" Hakunidai buku mbili, hiyo namshukuru. Usiku kijana mmoja wa mtaani akapulizia dawa kwenye lile bomba nyigu wakiwa wametulia, kesho yake akaziba na saruji, na Deni hajavimba tena mpaka leo. Dada nilimuomba radhi kwa vocha. Mama mkwe alituma kiroba kingine cha dagaa, kimeandikwa kwa kalamu nyekundu DENI, na maagizo kwamba mimi nisiguse.

Jumatatu naenda kazini nimevaa miwani nyeusi na saa kumi na mbili hata jua halijatoka, nanyata nipite kimlango kabla ya watu, nikasikia redio inapunguzwa sauti upande wa pili wa ukuta.

"Baba Neema," mzee akasema, "naona safari hii kavimba mwenye Deni."