Ziwa moja, nchi nne, na sisi tuliotoka

Juni 2025 Rwanda ilipotangaza kujitoa katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Afrika ya Kati, kijiwe chetu cha kahawa pale Mwanga, Kigoma, kiligawanyika hata kabla kikombe cha kwanza hakijapoa. Upande mmoja ulisema nchi isipoheshimiwa iondoke, jumuiya si ndoa ya kanisani. Upande wa pili ulisema jirani humchagui, na ukimsusia leo kesho utamkuta palepale. Mzee mmoja aliyevusha mizigo ziwani tangu ujana wake alikuwa kimya. Mwishowe akauliza, "Na sisi tulipotoka COMESA, nani alikuja kuuliza huku?"

Vijana wawili pale hawakujua kama Tanzania iliwahi kuwamo katika COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Ilikuwamo, tangu enzi jumuiya hiyo ikiitwa PTA. Serikali ilitoa notisi mwaka 1999, na Septemba 2000 tukawa nje rasmi. Hapakuwa na kura ya maoni. Palikuwa na mabishano ya wakubwa, serikali upande mmoja na sehemu ya wafanyabiashara upande mwingine, kisha nchi ikaendelea na uchaguzi mkuu wa mwaka huo.

Waliotoa uamuzi ule hawakuwa wajinga, na ni dhuluma kuwasema hivyo. Serikali ya Rais Mkapa ilikuwa inategemea sana ushuru wa forodha, na COMESA ilikuwa mbioni kuzindua eneo huru la biashara, lililoanza Oktoba 2000 kwa nchi tisa, zikiwamo Misri, Kenya, Mauritius na Zimbabwe. Viwanda vyetu vingi ndiyo kwanza vilikuwa vinatoka mikononi mwa mashirika ya umma, vingine vikiwa hoi. Tulikuwa tayari SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na Novemba 1999 mkataba mpya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulikuwa umesainiwa Arusha. Jumuiya tatu ni michango mitatu, vikao vitatu, na orodha tatu za ushuru zisizofanana. Wala hatukuwa peke yetu. Lesotho na Msumbiji walitangulia kutoka mwaka 1997, Namibia ikafuata 2004. Ukisoma hoja hizi ukiwa Dar es Salaam, mbele yako bahari na nyuma yako wizara, zinaingia akilini bila shida.

Shida inaanza ukizisoma ukiwa Kibirizi, kwenye maboti ya Kigoma.

Ziwa Tanganyika lina nchi nne. Kongo ina kama asilimia 45 ya maji yake, sisi 41, Burundi 8 na Zambia 6. Kongo ni COMESA. Burundi ni COMESA. Zambia ni COMESA, tena makao makuu yenyewe yako Lusaka. Nchi tatu ndani, moja nje, na hiyo moja ndiyo yenye pwani ya mashariki yote kuanzia mpaka wa Burundi mpaka kule Kasanga, karibu na Zambia. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi mpaka mke wangu anaimaliza kabla sijaanza, lakini sijaona popote ilipoandikwa na waliotetea kutoka. Walihesabu makusanyo ya ushuru bandarini. Sidhani kama kuna aliyehesabu maboti.

Chukua mfano wa sukari na saruji ya Zambia. Hupakiwa Mpulungu, ncha ya kusini kabisa ya ziwa, na meli hupanda nayo zaidi ya kilomita 500 kwenda Bujumbura. Njia nzima mabaharia wanaiona milima ya Tanzania upande wao wa kulia. Wanapita Kipili, wanapita Kigoma, wanashusha Burundi. Tarehe 1 Januari 2004 Burundi iliingia eneo huru la biashara la COMESA, kwa hiyo mfuko ule wa Zambia ukawa na haki ya kuingia bila ushuru. Sasa weka pembeni yake gunia la chumvi ya Uvinza. Chumvi hiyo imevuka ziwa hili tangu kabla ya Mjerumani, tangu kabla hapajawa na kitu kinachoitwa Burundi na kitu kinachoitwa Tanganyika vyenye forodha kati yao. Kutoka Kigoma hadi Bujumbura ni safari ya usiku mmoja. Aliye karibu akawa mgeni, aliye mbali akawa mwenyeji! Hali hiyo ilidumu mpaka Julai 2009, Burundi ilipoanza kutumia umoja wa forodha wa Afrika Mashariki. Miaka mitano na nusu. Kwa mwenye kiwanda kikubwa hicho ni kipindi cha kuvumilia. Kwa mwenye boti moja la mbao na mkopo wa injini, miaka mitano ni mtaji wote kwisha na mtoto kutolewa shule.

Wanaotetea uamuzi wana jibu zuri hapa, na sitalificha. Wanasema soko kubwa la Kigoma si Burundi, ni Kongo, na Kongo ilikuwa mwanachama wa COMESA bila kuingia katika lile eneo huru kwa miaka mingi baada ya 2000. Hata tungebaki, lango la Kalemie, bandari ya Kongo ng'ambo ya ziwa, lisingefunguka kwa sababu hiyo tu. Ni kweli, na wenzangu wa kijiweni hawapendi nikisema hivyo. Mtu akikwambia kutoka COMESA ndiko kulikoua biashara ya Kongo, muulize pia kuhusu vita vya kule, kuhusu meli zetu zilizolala gatini, na kuhusu kila askari wa ng'ambo anayetaka "chai".

Lakini kuna jambo lingine, na hili ndilo linaloniuma. Hatukutoka chote. Uliza dereva yeyote wa lori anayepita Tunduma kwenda Lusaka au Lubumbashi akuonyeshe bima yake. Atakutolea Kadi ya Njano, bima ya magari ya mpango wa COMESA. Tanzania imo katika mpango huo mpaka leo. Benki ya PTA, ambayo siku hizi inaitwa TDB, nayo ilizaliwa na jumuiya ileile, na sisi tumebaki wenye hisa. Tulihama nyumba tukabaki na ufunguo wa jikoni. Si kosa. Ni akili. Maana yake kuna mtu alikaa, akachagua kipi kinatufaa kibaki. Aliwakumbuka wenye malori na wenye uwezo wa kukopa benki ya kimataifa. Boti ya Kibirizi haina Kadi ya Njano.

Wengine nao hufanya hivyohivyo. Mali, Burkina Faso na Niger zilipotoka ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, tarehe 29 Januari 2025, hazikutoka katika umoja wa faranga ya CFA. Na kusahau watu wa mpakani si kwetu tu. Waingereza walipiga kura Juni 2016 kutoka Umoja wa Ulaya, asilimia 52 kwa 48, lakini Ireland ya Kaskazini, yenye mpaka wa nchi kavu na umoja huo, asilimia 56 walitaka kubaki. Kampeni ilizungumza sana wahamiaji na pesa zinazopelekwa Brussels. Mpaka ule mdogo wenye mashamba pande zote mbili ukaja kuwasumbua mawaziri wakuu mmoja baada ya mwingine. Wao angalau hesabu ya kura iliacha alama, wanajua nani alisema nini. Sisi wa mwisho wa reli hatuna hata karatasi ya kuonyesha kwamba tulikataa.

Sasa wapo wanaosema turudi COMESA. Sioni haraka. Burundi tuko nayo Afrika Mashariki tangu 2007, Kongo tangu 2022, na Zambia tuko nayo katika eneo huru la SADC tangu 2008. Kwa karatasi, ziwa lote limezungukwa na mikataba yetu, na kurudi Lusaka kungeongeza mchango wa mwaka kuliko kungeongeza magunia. Ni kweli pia kwamba katika nchi nane za Afrika Mashariki, ni sisi na Sudan Kusini tu tusiokuwa COMESA, na wenzetu wanaokaa kote kuwili hawajafa. Ila wengi wao wanakaa kote kuwili kwa sababu hawakuwahi kutoka.

Nilimwambia mzee haya yote siku ya pili. Alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza kahawa yake, akasema boti lake aliliuza 2006 kwa mtu wa Uvira, Kongo, na alilipa ushuru wa kuliuza pia.