Kabaila wa karatasi

Sisi tuliosoma somo la siasa enzi zile, neno "ukabaila" tulilimeza pamoja na "ubepari" na "unyonyaji", yote kwa mkupuo mmoja. Azimio la Arusha lenyewe lilimkataza kiongozi kushiriki jambo lolote la kibepari au la kikabaila. Kabaila niliyemchora kichwani alikuwa mzee wa kilemba na bakora, aliyerithi ardhi tangu enzi na enzi. Nilipoanza kusoma habari za India nikadhani nitamkuta huko. Nikamkuta karani.

Chini ya dola ya Mughal, iliyotawala India kabla ya Waingereza, zamindari alikusanya kodi ya ardhi na kubakiza fungu lake. Hakuwa mtu mwema lazima, na wengine walikuwa na askari wao. Lakini mkulima naye alikuwa na haki zake za kimila juu ya konde alilolima. Mwaka 1793 Gavana Mkuu Cornwallis, mtumishi wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki iliyokuwa ikitawala huko, akamtangaza zamindari wa Bengal na Bihar, mashariki mwa India, kuwa mwenye ardhi. Kodi ikapangwa mara moja kwa daima: mafungu 10 kati ya 11 ya Kampuni, 1 lake. Siku ya mwisho ya kulipa ikifika na jua likazama hujalipa, ardhi inanadiwa.

Ikanadiwa kweli. Koo kubwa zilifilisika, na miongoni mwa wanunuzi walikuwamo wafanyabiashara, watumishi wa Kampuni, hata makarani wa mazamindari hao hao waliofilisika. Watu waliozijua hesabu za shamba kuliko bwana wao. Wengi wakakaa mjini Calcutta wakila kodi ya vijiji wasivyovikanyaga.

Raja wa Burdwan, zamindari mkubwa wa Bengal, alijiokoa kwa ujanja. Aliwakodisha watu wa kati maeneo yake kwa kudumu, nao wakawakodisha wengine, na wale wengine tena. Sheria ya 1819 ikaubariki mtindo huo. Kila ngazi ilikula, na wote walimlalia mtu mmoja mwenye plau na ng'ombe wawili. Akichelewa kulipa, sheria ya 1799, iliyojulikana kama haftam, "ya saba" kwa Kiajemi, ilikwisharuhusu mazao yake yakamatwe bila kupita mahakamani.

Ndiyo maana nakereka umaskini wa Bihar unapoelezwa kwa neno moja tu: matabaka, yale ya Kihindu ambayo mtu huzaliwa nayo. Ni kweli, matabaka yaliitangulia Kampuni kwa karne nyingi, na haikuwa bahati nasibu kwamba ardhi ilikuwa kwa Wabhumihar, Warajput na Wabrahmani, watu wa matabaka ya juu, huku Wamusahar wa tabaka la chini wakibaki vibarua. Ila dharau ya jadi ikishapewa hati na mahakama ya kuilinda, huwezi tena kuiita mila tu. Kibarua alikopa kwa ajili ya harusi, akawa kamia: analipa kwa jasho, deni halipungui, mtoto analirithi. Sheria ya nchi nzima ya kufuta utumwa huo wa deni ilikuja mwaka 1976!

Baada ya uhuru, Bihar ilipitisha sheria ya kuwaondoa mazamindari mwaka 1950. Maharaja wa Darbhanga, zamindari mkubwa wa huko, akaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ya Patna ikaitengua. Bunge likalazimika kurekebisha katiba mwaka 1951, nayo haijatimiza hata miaka miwili. Mazamindari wakalipwa fidia, na wakaruhusiwa kubaki na ardhi "wanayoilima wenyewe". Neno hilo "wenyewe" ndilo lililoharibu kazi. Aliyelimiwa na vibarua naye alihesabiwa analima mwenyewe, wapangaji wakafukuzwa kabla hawajaandikwa popote, na ardhi ya ziada ikafichwa kwa majina ya ndugu.

Bengal Magharibi ilijaribu njia nyingine mwaka 1978. Maofisa wa ardhi walikwenda vijijini jioni, wakati watu wametoka mashambani, wakawaketisha wakulima wanaogawana mavuno na mwenye shamba, na kuandika majina yao mbele ya wenzao. Waliandikishwa zaidi ya milioni moja.