Mguu Una Picha, Maji Hayana

Mwaka 2012 kijana wa Kimarekani aitwaye Chase Adam, aliyekuwa mfanyakazi wa kujitolea nchini Costa Rica chini ya Peace Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa kupeleka watu wa kujitolea nje ya nchi, alianzisha shirika lisilo la faida na kulipa jina la mji mdogo aliowahi kuupita kwa basi: Watsi. Ndani ya basi hilo mama mmoja alikuwa akiwaomba abiria fedha za matibabu ya mwanawe, huku akiwaonyesha karatasi za hospitali, na abiria wakachanga. Adam alishuka na wazo kwamba abiria wa basi la namna ile wanaweza kuwa watu wa dunia nzima, kila mmoja akitoa dola tano au kumi kupitia intaneti kwa ajili ya mgonjwa ambaye jina na picha yake anaviona.

Kwa msomaji wa Kiswahili basi hilo si jipya. Tumelipanda mara nyingi, na yule mtu anayesimama katikati ya viti akiinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha tunamfahamu. Jipya ni kwamba mchango umeondolewa kwenye basi, msikiti, kanisa na kundi la WhatsApp, ukawekwa mahali ambapo mtoaji na mpokeaji hawatakutana kamwe. Swali linalobishaniwa ni kama njia hiyo ni ya haki, na kama inaponya zaidi ya inavyoficha.

Wanaoitetea wana hoja nzito, na ya kwanza inahusu upasuaji wenyewe. Mgonjwa wa kisukari huhitaji dawa leo, kesho na maisha yake yote, lakini mtoto mwenye mdomo sungura, mzee mwenye mtoto wa jicho au mwanamke mwenye fistula mara nyingi huhitaji kuingia chumba cha upasuaji mara moja, kwa gharama inayojulikana kabla ya kisu kushikwa. Kwa hiyo mchangiaji anaweza kuahidiwa jambo lenye mwanzo na mwisho. Hoja ya pili ni ukubwa wa pengo. Tume iliyoundwa na jarida la kitabibu la Lancet ilieleza mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 hawapati upasuaji salama kwa gharama wanayoimudu, na kwamba duniani unahitajika upasuaji milioni 143 zaidi kila mwaka. Tume hiyo ilikadiria pia kwamba kila mwaka watu milioni 33 huelemewa na gharama za upasuaji wenyewe, na wengine milioni 48 huelemewa na gharama zisizo za kitabibu, yaani nauli, chakula na mahali pa kulala. Takwimu hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, nami naiona kuwa ya maana kuliko zote.

Arusha inaonyesha kwa nini. Miongoni mwa waliowahi kushirikiana na Watsi ni The Plaster House, nyumba iliyoanzishwa mwaka 2008 ili watoto waliofanyiwa upasuaji wapate mahali pa kupona. Wengi wao wana matege. Daktari hulazimika kuukata mfupa, kuunyoosha na kuufunga kwa hogo, na mtoto huyo hawezi kurudi siku ya pili kwenye boma lililo umbali wa saa kadhaa kwa gari, ambako hogo litaingia vumbi na maji na hakuna wa kukitazama kidonda. Akae wapi kwa wiki zote hizo? Wodi haina kitanda cha kumpa mtu anayesubiri mfupa uunge. Kiasi kilichokuwa kikiombwa kwa mtoto wa aina hii, takribani dola 880, kilikuwa na maana kwa sababu safari ya mtoto haikuishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Anayedai kwamba michango hii ni maonyesho tu ya huruma ya matajiri anapaswa kwanza kumtazama mtoto huyo akijifunza kutembea upya kwa magongo, miguu yake ikiwa haijapinda tena.

Upande wa pili, hata hivyo, unaanza na picha. Mwaka jana katika kundi letu la WhatsApp la watu tuliosoma pamoja, ziliwekwa orodha mbili ndani ya mwezi mmoja. Ya kwanza ilikuwa ya binti wa mwenzetu aliyeungua kwa uji. Picha iliwekwa asubuhi, na kufikia jioni ya siku ya tatu tulikuwa tumevuka laki saba, kila jina likiwa na alama ya tiki. Ya pili ilikuwa ya mjomba wa mwenzetu mwingine, mzee wa miaka sabini na kitu mwenye tezi dume, aliyekuwa akitembea na mpira wa mkojo chini ya kanzu. Hakuna aliyeomba picha, na hakuna ambaye angeitoa. Orodha ilikwama kwenye jina la nane. Sisi hatukuwa wabaya, na mzee hakuwa na maumivu madogo.

Tuliyoyafanya sisi kwa udogo ndiyo mtandao unayafanya kwa ukubwa. Watafiti Lauren Berliner na Nora Kenworthy walichunguza kampeni 200 za matibabu kwenye GoFundMe, jukwaa la kuchangisha fedha mtandaoni, nchini Marekani, na katika utafiti wao wa mwaka 2017 wakakuta kwamba takribani kampeni moja kati ya kumi ndiyo iliyofikia lengo. Anayejua kusimulia, mwenye marafiki wenye fedha na mwenye ugonjwa unaoeleweka haraka ndiye aliyekuwa na nafasi zaidi. Kwa haki ni lazima isemwe kwamba Watsi haifanyi kazi kwa mtindo huo: hospitali ndiyo inayomleta mgonjwa, uhamisho wa fedha huwekwa wazi, na mchango wote huenda kwenye matibabu kwa kuwa gharama za kuendesha shirika hutafutwa kwingine. Upungufu huo wa GoFundMe umepunguzwa sana, lakini picha imebaki. Sijashawishika kwamba mama aliyeambiwa kuwa mwanawe anaweza kutibiwa, kisha akaombwa ridhaa ya kumpiga picha, anajiona huru kusema hapana.

Lipo lawama jingine, kwamba michango huipa serikali kisingizio cha kulala. Mimi naliona dhaifu. Fedha hizi ni kidogo mno kuliko bajeti ya wizara yoyote, na uchangiaji wa gharama katika hospitali za umma nchini Tanzania ulianza mwaka 1993, miaka mingi kabla ya mtu kuchanga kwa simu. Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na Kenya ilihamishia bima yake ya afya ya umma kwenye Mamlaka ya Afya ya Jamii Oktoba 2024, wakati michango ya mtandaoni ikiendelea kama kawaida. Watsi wenyewe mwaka 2017 walianza kujaribu bima ya afya vijijini Uganda, jambo ninalolisoma kama kukiri kwa vitendo kwamba kumlipia mgonjwa mmoja mmoja kuna kikomo.

Kinachonisumbua zaidi ni kile kisichoweza kuchangishiwa kabisa. Watoto wengi wa matege wa Arusha hawakuzaliwa hivyo, ila maji ndiyo yaliyowapinda. Chemchemi za miteremko ya Mlima Meru hupita katika miamba ya volkano na kubeba madini ya floraidi, na katika sehemu nyingi kiwango chake huzidi mno ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kwanza meno hugeuka kahawia, hata watu wa huko wakataniwa kwa meno yao popote waendapo, kisha kwa baadhi ya watoto mifupa nayo hupinda. Magadi yanayotiwa kwenye makande ili yaive haraka huongeza floraidi nyingine. Dawa yake inajulikana: kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, Arusha, kimefanyia kazi kwa miaka mingi vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Lakini kichujio hakina uso wala umri, na hakitabasamu baada ya wiki sita. Mkaa wake huchoka ukahitaji kubadilishwa, na hapo mchangiaji hana hadithi ya kusimuliwa.

Sisemi mguu uachwe hadi maji yasafishwe; mtoto wa miaka tisa hana muda huo. Hata hivyo, kwa kuwa dola 880 zinapatikana kwa sababu ya picha, sioni ugumu wa kuongeza juu yake bei ya kichujio cha nyumba anakorudi mtoto huyo na mkaa wa kukibadilishia, hata kama hakitapigwa picha. Hogo likishatolewa, mtoto hupanda gari kurudi kwao akiwa na miguu iliyonyooka, na jioni hiyo mdogo wake hutumwa na ndoo kwenye chemchemi ileile.