Jua Lililokataa Kuchwa

Mwezi wa Juni mwaka 2019, shemeji yangu, ambaye kwake kila hasara huitwa fursa, alinishawishi tufunge safari kutoka Oslo, tunakoishi, hadi Longyearbyen, mji wa visiwa vya Svalbard ulioko nyuzi 78 kaskazini, ambako jua halichwi kuanzia Aprili hadi Agosti. Nilidhani ni maneno ya wauza tiketi.

Sisi watu wa Tanga tunahesabu saa kwa jua: likichomoza tunaanza, likizama tunaanza upya. Sasa mtu ahesabu nini pale ambapo saa sita za usiku jua liko juu ya mlima, linamtazama kama mdai aliyekaa barazani? Nilimpigia mama simu ya video nikamwambia huku ni usiku wa manane. Akaliona jua dirishani, akanyamaza, kisha akaniuliza kwa upole kama ninakula vizuri. Magharibi ndiyo haikufika kabisa, hata shemeji akaamua tufuate saa za Makka, nami nikaiswali huku miwani ya jua ikiniteleza puani kila niliposujudu. Kulala ndiyo usiseme: nilitundika kikoi dirishani, jua likapita kwenye mistari yake.

Kana kwamba hayo hayatoshi, kule kuna desturi iliyobaki tangu enzi za wachimba makaa ya mawe, kwamba ukiingia hotelini, na hata makumbusho, unavua viatu mlangoni. Hakuna aliyenitahadharisha. Soksi yangu ya kulia ilikuwa na tundu ambalo kidole gumba kilishatoka kupunga upepo, hivyo nilimtazama yule dubu mweupe aliyekaushwa nikiwa nimekanyaga mguu mmoja kwa mwingine, mfano wa korongo.

Dubu hai ndiye aliyetufanya tutembezwe nje ya mji na binti mwenye bunduki begani, aliyeieleza kazi yake kwa utulivu wa mtu anayeeleza kazi ya mwavuli. Siku tatu hatukuona hata unyayo. Shemeji alisikitika, mimi nilishukuru kimoyomoyo.

Juzi amekuja na jipya: turudi Desemba, wakati jua halionekani kabisa, eti safari hii nitalala vya kutosha. Nimemwuliza kule alfajiri huwa saa ngapi. Bado anatafuta jibu.