Herakles au Aleksander: uso wa nani kwenye sarafu ya Makedonia?

Sarafu ya fedha ya drakma nne (drakma ilikuwa kipimo cha fedha cha Wagiriki) iliyotolewa na Aleksander Mkuu, yenye uzito wa takribani gramu 17, ina upande mmoja kichwa cha kijana asiye na ndevu aliyejifunika ngozi ya simba, miguu ya mnyama huyo ikiwa imefungwa fundo chini ya koo. Upande wa pili Zeus ameketi kitini, tai akiwa juu ya mkono wake wa kulia. Kuhusu Zeus ubishi ni mdogo. Kijana yule ndiye anayewagawa wachambuzi: je, ni Herakles, shujaa ambaye Wagiriki walimhesabu miongoni mwa miungu, au ni mfalme mwenyewe?

Wanaomtaja Herakles wana hoja nzito, kwa kuwa wafalme wa Makedonia walidai kutoka katika ukoo wake, na kichwa chake kilikuwa tayari kwenye sarafu za Amyntas wa Tatu, babu wa Aleksander, kabla mjukuu huyo hajazaliwa. Wapinzani wao huelekeza macho kwenye jeneza maarufu la mawe lililochimbuliwa Sidoni, ambalo sasa limehifadhiwa Istanbul: mpanda farasi anayetambuliwa kuwa Aleksander amevaa kichwa cha simba kama kile kile cha kwenye sarafu. Ushahidi huo haupuuziki, ila jeneza lile halikuchongwa na watengenezaji wa sarafu za mfalme.

Kwangu mimi, lenye uzito zaidi ni mwenendo wa warithi wa Aleksander, yaani majemadari wake waliogawana milki yake. Ptolemaio alipotaka kumweka Aleksander kwenye sarafu za Misri alimvika ngozi ya kichwa cha tembo, naye Lysimakhos wa Thrakia akampa pembe za kondoo dume za mungu Amoni. Kama uso wa mwenye simba ungekuwa tayari unafahamika na wote kuwa wa mfalme, haja ya kumbunia alama nyingine ingekuwa ndogo.

Hata hivyo, aliyekusudiwa na mchongaji si lazima awe ndiye aliyeonekana na mpokeaji. Zeus wa sarafu hiyo anafanana mno na Baali wa Tarso aliyekuwa kwenye sarafu za liwali wa Kiajemi Mazaios, hivyo mtu wa Kilikia, eneo ulikokuwa mji wa Tarso, angeweza kumtambua mungu wa kwao bila kuambiwa. Vivyo hivyo, sarafu zenye kichwa kile ziliendelea kutolewa miaka mingi baada ya Aleksander kufariki mwaka 323 K.K., wakati heshima za kimungu kwake zilipokuwa zikienea, na askari aliyelipwa kwa sarafu hizo angeweza kumwona marehemu mfalme pale ambapo baba yake alikuwa amemwona Herakles.