Goti la mama yangu
Habari yenu imeeleza vizuri upasuaji wa kubadilisha goti lililosagika, ila mazoezi ya baada yake mmeyapa mstari mmoja tu. Mama yangu, wa Kibosho, alifanyiwa mwaka juzi. Kabla ya hapo alikuwa akishuka mgombani kinyumenyume, akiishi kwa vidonge vya diklofenaki vya kutuliza maumivu. Watu hudhani goti zima linang'olewa. Hapana, daktari hukata ncha za mifupa zilizolika, akazivisha chuma, katikati akaweka plastiki ngumu. Siku ya pili tu baada ya upasuaji wakamsimamisha! Alilia, akatutukana sote kwa Kichaga. Wiki kadhaa za kukunja na kunyoosha ndizo zilizomrudisha sokoni. Kuchuchumaa hawezi, choo tumebadilisha. Na ninyi mnaouza mafuta ya kuchua stendi ya Moshi, gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, ikiisha haioti tena jamani.