Zilizotangazwa si zote zilizopo
Makala ninayoijibu hapa inadai kwamba dunia iliachana na silaha za kemikali Julai 2023, Marekani ilipoharibu roketi yake ya mwisho yenye sarini, sumu inayoshambulia neva, huko Kentucky. Kilichokwisha siku ile ni akiba zilizotangazwa tu, zaidi ya tani 72,000 kwa nchi zote zilizozitangaza chini ya Mkataba wa kimataifa wa kupiga marufuku silaha za kemikali, ulioanza kutumika mwaka 1997, na nakiri kwamba kazi hiyo si ndogo. Hata hivyo Syria, iliyojiunga mwaka 2013 na kutangaza takriban tani 1,300, ilishuhudia watu wake wakiuawa kwa sarini katika mji wa Khan Shaykhun Aprili 2017, jambo linaloonyesha kwamba hesabu za wakaguzi wa Mkataba hutegemea sana ukweli wa anayehesabiwa. Misri na Korea Kaskazini hazijajiunga, Israel imetia saini bila kuridhia, na mabomu ya kemikali yaliyoachwa na jeshi la Japani nchini China bado yanafukuliwa. Mkataba unaruhusu nchi mwanachama kuomba ukaguzi wa ghafla dhidi ya mwenzake inayemshuku, lakini haki hiyo haijawahi kutumiwa hata mara moja. Wasomaji wenzangu, mnadhani nchi wanachama zinaogopa nini?